Mteremko wa mstari ujihesabu wenyewe kwenye AutoCAD: namba ya mchoro haifanani na ya leveli

#1 Mchoraji_Dom

Wakuu, habari za jioni.

Nina profaili (mchoro wa bomba likionekana kwa ubavu) za bomba la maji taka, mtaa mmoja hapa Dodoma, chemba kwa chemba. Kila kipande cha bomba nimekichora kwa LINE ya kawaida, na juu yake naandika mteremko kwa mkono: 1:60, 1:55, na kuendelea. Mhandisi akibadilisha leveli (kimo cha bomba) nasogeza mstari, lakini maandishi yanabaki yale yale mpaka niyafuate moja moja. Karatasi ikitoka na mstari mpya na namba ya zamani, fundi kule site atafuata namba. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, maana shimo likishafukiwa hakuna anayelifungua tena kwa hiari.

Kwa hiyo nimeanza kutumia fildi, yaani maandishi yanayosoma namba kutoka kwenye mchoro wenyewe. Nafungua MTEXT, naingiza fildi ya Formula, ndani yake naonyesha mstari, nachukua Delta ya Y (tofauti ya kimo kati ya ncha mbili), nagawa kwa Delta ya X (tofauti ya ulalo), nazidisha kwa 100. Namba inatoka, na nikisogeza mstari kisha nikapiga REGEN (amri ya kuonyesha mchoro upya) inabadilika yenyewe. Safi kabisa.

Shida ni namba yenyewe. Chemba ya kwanza, kitako cha bomba (chini kwa ndani) kipo 1120.450. Chemba ya pili 1119.950. Umbali kwenye jedwali ni mita 30. Nusu mita kwa mita 30 ni 1:60, yaani asilimia 1.67. Mstari unaniambia -16.42.

Maswali mawili. Je, kuna njia bora kuliko hii ya fildi? Na hiyo 16.42 inatoka wapi? Natumia AutoCAD LT 2022, ile nyepesi, si AutoCAD kamili.

#2 MtaroWazi

Nafuatilia. Mimi ni mitaro ya barabara, shida ni hiyo hiyo.

#3 KalamuNaRula

Mchoraji, profaili yako ina skeli mbili au moja? Profaili nyingi huchorwa ulalo 1:1000 na wima 1:100, ili jicho lione bomba linashuka. Bila kukuza wima, bomba la 1:60 kwenye karatasi linaonekana limelala kabisa. Sasa programu haijui kwamba umekuza. Yenyewe inaona mstari ulioshuka uniti 5, si nusu uniti, na inagawa hivyo hivyo.

Kwenye fomula yako, badala ya kuzidisha kwa 100 zidisha kwa 10. Ukitaka iandike kwa mtindo wa 1 kwa kadhaa, geuza: 10 mara Delta X gawa kwa Delta Y.

Alama ya kutoa si kosa. Inasema mstari unashuka ukitoka kushoto kwenda kulia, basi. Hata ukiuchora kuanzia kulia, X na Y zote zinageuka alama na jibu linabaki lile lile. Usiitumie alama hiyo kujua maji yanaelekea wapi, chora mshale.

#4 FundiBomba_Mbagala

Vijana wa kompyuta mnajitesa. Sisi tunapiga vigingi, ubao na misumari, tunavuta uzi, tunashuka na pima maji. Bomba la inchi 4 linakwenda 1:40, la inchi 6 linakwenda 1:60. Chukua kipenyo kwa inchi, zidisha kwa 10, umemaliza. Nimelaza mabomba toka enzi za saruji mpaka hizi plastiki na maji yanatembea.

#5 Mchoraji_Dom

#3 asante, nimeangalia: ulalo 1:1000, wima 1:100, kweli wima umekuzwa mara 10. Nimerekebisha fomula.

Sasa inatoa 1.642. Nimeipa desimali nne, ni 1.6420. Leveli zinasema 1.6667. Pengo ni dogo, lakini linanikera kwa sababu likigeuzwa linakuwa 1:60.9, na mhandisi anataka 1:60 iandikwe 1:60. Hilo pengo si la kuzungusha desimali.

#4 shikamoo mzee. Hiyo kanuni ya kuzidisha kwa 10 naijua, ila kwenye mradi huu mteremko umetoka kwenye hesabu za mtiririko, siwezi kuubadilisha mimi.

#6 Pembe_Nyuzi

Mimi huwa natumia Angle badala ya Delta. Fildi moja tu, huhitaji fomula ndefu. Halafu nagawa kwa 10 kama wima umekuzwa.

#7 KalamuNaRula

#6 ngoja, hiyo itakuponza. Kwanza AutoCAD huhesabu nyuzi kuanzia mashariki kuzunguka kinyume cha saa. Mstari wa Mchoraji unaoshuka kwenda kulia utakuonyesha 350.68, si 9.32. Pili, nyuzi hazigawanyiki namna hiyo. Mchoro una nyuzi 9.32, ukigawa kwa 10 unapata 0.93. Bomba lenyewe lina nyuzi 0.94. Hapa tofauti ni ndogo kwa sababu mteremko ni mdogo, ila kwenye paa au ngazi utaumia. Mstari wa nyuzi 45 ni asilimia 100. Wa nyuzi 30 ni 57.7. Ukikata nyuzi katikati hukati mteremko katikati.

Tena fomula ya fildi ina kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kipeo. Tanjenti sijawahi kuipata humo. Ndiyo maana watu wanarudi kwenye Delta.

#8 LISP_ndiyo_dawa

Kwa nini mnateseka na fildi moja moja? Andikeni LISP fupi, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya AutoCAD. Inakuomba uchague mstari, inasoma ncha mbili, ambazo kwenye orodha ya kitu ziko namba 10 na namba 11, inatoa, inagawa, inazidisha kwa ukuzaji uliouweka mwenyewe, halafu inaandika maandishi katikati ya mstari yakiwa yamelala sambamba nao. Profaili nzima unaimaliza chai haijapoa.

Mambo mawili ya kuangalia ukiandika mwenyewe. La kwanza, mstari uliosimama wima: X ni sifuri, ukigawa programu inakatika katikati. Weka sharti mapema. La pili, hizo namba 10 na 11 ni za mfumo mkuu wa kuratibu, lakini nukta unayoibofya kwa kipanya inakuja kwenye mfumo ulioko sasa (UCS). Kama umezungusha UCS ukachanganya viwili hivyo, mteremko utakaoupata ni wa dunia nyingine.

#9 Mkaguzi_wa_Karatasi

#8, jamaa kasema LT 2022. AutoCAD LT ilipata AutoLISP kuanzia toleo la 2024. Kwake haitafunguka.

Na hata kwa mwenye AutoCAD kamili, LISP yako inaandika maandishi mfu. Mstari ukisogezwa kesho, uko pale pale alipoanzia. Yeye anataka namba ijibadilishe.

#10 LISP_ndiyo_dawa

#9 sawa kwa hilo la LT. Ila la pili silikubali. LISP inaweza kuchukua kitambulisho cha mstari na kuandika fildi yenyewe badala ya namba. Kinachotoka ni fildi hai, sawa na ya Mchoraji, tofauti ni kwamba hujabofya mara nyingi. Na mwenye BricsCAD au ZWCAD anaweza pia, zote zinasoma LISP.

#11 Kinga_Kwanza

Naomba niseme neno kwa wadogo zetu: msipakue faili za LISP ovyo kwenye magrupu. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilitangaza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A. Kiliandikwa kwa AutoLISP, kilisambaa zaidi Peru, na kazi yake ilikuwa kuiba michoro na kuituma kwa barua pepe kwenye akaunti zilizoko China. Programu ikikuonya kwamba faili haitoki kwenye folda unayoiamini, soma onyo kabla ya kubofya.

Ifungueni kwanza kwa Notepad. Ni maandishi matupu, ya mteremko haiwezi kuwa na kurasa kumi.

#12 Mpima_wa_Kanda

Nirudi kwenye pengo la 1.642. Mchoraji, hizo profaili umezitoa kwenye ramani ya UTM, gridi inayogawa dunia kwa kanda? Dodoma ipo kanda ya 36 kusini, meridiani yake ya kati ni nyuzi 33 mashariki, na ninyi mko karibu na nyuzi 36, mbali sana na katikati. Umbali wa kwenye gridi haulingani na umbali wa ardhini. Jedwali lina umbali wa futi kamba, mchoro una umbali wa gridi. Hapo ndipo X yako inapokuwa ndefu.

#13 KalamuNaRula

#12 hoja ya kweli, ila tupige hesabu kabla ya kuikubali. Ukiwa kilomita 300 hivi kutoka meridiani ya kati, kipimo cha gridi kinapanda mpaka kama 1.0007. Ondoa athari ya mwinuko wa mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, inabaki kama 1.00055. Kwa mita 30 hiyo haifiki hata sentimita 2.

Sasa angalia namba ya Mchoraji. Nusu mita ukigawa kwa 1.642 kwa mia unapata mita 30.45. Zimezidi sentimita 45. UTM haijaleta sentimita 45 kwenye mita 30.

#14 Mpima_wa_Kanda

Sawa, kwa kipande kimoja haifiki. Lakini kwa bomba la kilomita mbili inafika mita moja na kitu, kwa hiyo msiitupe. Watu wanachanganya umbali wa gridi na wa ardhini kila siku, halafu wakija kupima upya wanalaumu mashine.

#15 Nyumba_kwa_Nyumba

Huo umbali wa mita 30 ulipimwaje? Kama walilaza futi kamba juu ya ardhi inayoteremka, wamepima mshazari, si ulalo. Mteremko unahitaji ulalo.

#16 KalamuNaRula

#15, mshazari wa ulalo mita 30 na mshuko nusu mita ni mita 30.004. Milimita 4. Na tena ingekuwa mshazari, jedwali ndilo lingekuwa refu na mchoro mfupi. Hapa ni kinyume.

#17 Chemba450

Sentimita 45! Mchoraji, chemba zako zina ukubwa gani kwa ndani? Kama ni 450 kwa 450, jibu tunalo. Jedwali limepima bomba kutoka ukuta wa chemba mpaka ukuta wa chemba, mita 30. Wewe umechora mstari kutoka katikati ya chemba mpaka katikati ya chemba, umeongeza nusu ya chemba huku na nusu kule, 0.225 na 0.225. Ndiyo hiyo 0.45.

#18 Mchoraji_Dom

#17 chemba ni 450 kwa 450 kweli, na nilichora katikati kwa katikati. Aisee.

Ila nimejaribu kipande cha pili kwa mtazamo huo, chemba 2 hadi chemba 3. Jedwali mita 24, leveli 1119.950 na 1119.550, yaani 1:60 tena. Mstari unatoa 1.6495. Hiyo ni mita 24.25. Zimezidi 25 tu, si 45. Chemba ya tatu ni kubwa zaidi, 600 kwa 750, kwa hiyo kwa maelezo yako ilitakiwa izidi kuliko hapo, si kupungua.

#19 Chemba450

Basi hapo kipande cha pili kimeanzia ukutani upande mmoja na katikati upande mwingine. Angalia ncha.

#20 Snap_ni_Adui

Au hakikuanzia popote pa maana. Profaili ina mistari mingi imebebana: kitako cha bomba, mgongo wa bomba, sakafu ya chemba, mstari wa gridi. Ukibofya bila kukuza, kishikizo (snap) kinadaka kilicho karibu. Chagua mstari, piga LIST, soma ncha zote mbili kwa desimali tatu. Kama Y haijatua penye leveli yako mara 10, mstari umeshika kitu kingine. Na kumbuka wima umekuzwa mara 10, kwa hiyo kosa la milimita 70 kwenye skrini ni milimita 7 tu ardhini. Na kinyume chake: leveli ikiteleza milimita 7 tu, 1:60 yako inakuwa 1:60.9 bila umbali kuguswa hata kidogo. Kwa hiyo #17 anaweza kuwa sahihi, na mimi pia, namba moja haitoshi kutuamua.

#21 Nakuru_Drafter

Sasa wadau. Huku kwetu kazi za mabomba tulizihamishia Civil 3D, programu ya uhandisi wa ujenzi, kitambo. Bomba ni bomba, chemba ni chemba, si mistari. Unaandika leveli, lebo ya mteremko inajitokeza na inasoma thamani ya kweli hata kama profaili imekuzwa mara 10. Ukivuta bomba, lebo inafuata hapo hapo bila REGEN.

Na kuhusu hoja ya #17, Civil 3D inakupa urefu wa aina mbili, katikati kwa katikati na ukuta kwa ukuta, unachagua upi uingie kwenye lebo. Kwa hiyo swali lenu hata huko lipo, programu haijalitatua. Ofisi mbili zinaweza kutoa namba mbili kwa bomba moja na zote mbili zikasema ni otomatiki.

#22 MtaroWazi

#21 Civil 3D ni ya ofisi kubwa, mkuu. Sisi wengine leseni ya LT yenyewe tunachangishana.

#23 Nakuru_Drafter

#22 nakuelewa kabisa. Nilitaka tu mjue ubishi ni ule ule.

#24 Mhandisi_Maji

Nimesoma yote, nichangie kwenye kiini. Leveli ya kitako inayoandikwa kwenye jedwali, ni ya wapi? Katikati ya chemba au pale bomba linapotokea ukutani? Hapo ndipo tofauti ilipo. Ndani ya chemba kuna mfereji wa zege unaobeba maji kutoka bomba la kuingilia mpaka la kutokea, na mfereji huo nao unashuka. Kama leveli ni ya katikati, basi umbali sahihi ni katikati kwa katikati na mteremko ni 1:60.9. Kama leveli ni ya ukutani, umbali ni ukuta kwa ukuta na mteremko ni 1:60. Mchoraji hawezi kujua kwa kuangalia mstari. Amuulize aliyeandaa jedwali.

Kwa hidroliki tofauti ya 1:60 na 1:60.9 haina uzito. Tunachotafuta ni kasi ya maji ya kujisafisha, walau 0.6 mita kwa sekunde, wengi hupenda 0.75. Bomba la inchi 6 kwenye 1:60 liko juu ya hapo kwa mtiririko wa kutosha.

#25 FundiBomba_Mbagala

Mhandisi umesema kweli kuhusu mfereji wa ndani. Nikikuta mchoro una 1:60.9 mimi nalaza 1:60, uzi wangu hauna desimali.

Ila niulize, maana vijana siku hizi wanaogopa mteremko mkali. Wanasema bomba likiinama sana maji yanakimbia yanaacha uchafu nyuma. Mimi nimelaza 1:20 kwenye kiwanja cha mlimani, hakuna kilichobaki nyuma.

#26 Mhandisi_Maji

#25 hilo lina wabishi pande zote mbili. Wapo wanaolisema kwa mabomba madogo ya nyumbani, ambako maji ni machache na yanakuja kwa mikupuo ya choo. Kwa bomba la mtaa hofu kubwa ni kasi kukwangua bomba na chemba, ndiyo maana kwenye kilima tunaweka chemba za kudondoshea maji badala ya kulaza bomba zima likiwa limeinama.

#27 Nyumba_kwa_Nyumba

#26 mimi nimeona choo kikiziba kwenye bomba lililoinama sana, mara kwa mara. Tukalilegeza kidogo, kikaacha.

#28 FundiBomba_Mbagala

#27 ukalilegeza au ukalilaza upya? Ukilaza upya umetoa na viungo vibovu na saruji iliyomwagikia ndani. Huwezi kujua kipi kilichotibu.

#29 Mmarangu

Wakuu mmenikumbusha nyumbani. Mifongo ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro inatoa maji mtoni na kuyazungusha kwenye kingo za mabonde mpaka migombani, umbali mrefu, na ilichimbwa bila darubini wala karatasi. Mwendo wa maji yenyewe ndio uliokuwa kipimo: unafungulia kidogo, unaona yanakwenda au yanatuama, unachimba mbele. Mteremko ukizidi, udongo unaliwa. Ukipungua, matope yanajaa. Wazee waliijua hiyo kasi ya kujisafisha.

#30 Mkaguzi_wa_Karatasi

#29 uzi mzuri huo, uanzishie wake tuje. Hapa turudi kwenye mistari kabla hatujafika Uhuru.

Mchoraji, tahadhari za fildi ambazo hazijasemwa. Moja, fildi ya Delta inafanya kazi kwa LINE. Ukiunganisha vipande vyote kuwa PLINE (mstari mmoja wa vipande vingi), Delta haipo tena kwenye orodha. Kwa hiyo usiunganishe. Mbili, mstari ukifutwa na kuchorwa upya, fildi inageuka kuwa alama za reli, ####, hata kama mstari mpya umekaa pale pale. Vuta ncha za mstari uliopo, usifute. Tatu, kabla ya kutoa PDF piga UPDATEFIELD kwa mkono na uchague fildi zote, usitegemee kwamba itajisasisha wakati wa kuchapa, kwa sababu kuna mpangilio unaoitwa FIELDEVAL na kuna ofisi wameuzima ili mafaili yafunguke haraka.

Na ile rangi ya kijivu nyuma ya fildi haichapishwi. Iache. Inakusaidia kuona namba ipi iko hai na ipi mtu kaiandika kwa mkono.

#31 Ramani_na_Rampu

Mimi ni wa majengo, nimeingia kwa sababu ya neno mteremko. Njia za viti vya magurudumu tunachora 1:12, asilimia 8.33. Ngazi ya sentimita 75 inataka njia ya mita 9, na hapo ndipo wenye viwanja wanapoanza kukuomba uwape 1:8. Revit, programu ya kuchorea majengo, ina alama ya mteremko unayoiweka juu ya uso wenyewe, inasoma moja kwa moja. Nilipokuwa AutoCAD nilitumia fildi kama ya Mchoraji, bila ukuzaji maana sehemu zetu tunazichora skeli moja.

Kwangu faida yake kubwa ilikuwa mbele ya mteja. Anasema fupisha, navuta mstari, namba inapanda mbele ya macho yake kutoka 8.33 kwenda 12.5. Simbishii, anaona mwenyewe kwamba mtu wa kiti hapandi hapo peke yake.

#32 Jedwali_Kwanza

Naona wote mnatoka kwenye mchoro kwenda kwenye namba. Mimi nafanya kinyume. Leveli na umbali vinakaa kwenye Excel, mteremko unahesabiwa humo humo, halafu Excel inaniandikia kuratibu za kila mstari, nazibandika kwenye mstari wa amri wa AutoCAD na profaili inajichora. Mhandisi akibadilisha leveli nabadilisha seli moja na kuchora upya.

Mteremko ni mali ya leveli. Mstari ni picha yake. Ukiuliza picha badala ya leveli utapata na makosa ya aliyebofya, kama #20 alivyosema.

#33 Snap_ni_Adui

#32 hapo nakuunga mkono nusu. Mhandisi akikaa na wewe kwenye skrini akavuta bomba kwa kipanya ili kukwepa bomba la maji safi, Excel yako imeshapitwa. Nani atairudishia?

Mwenye AutoCAD kamili ana DATAEXTRACTION, inakusanya Delta X na Delta Y za mistari yote inazipeleka kwenye jedwali. Inakuwa ukaguzi: namba za mchoro pembeni ya namba za leveli, unaangalia zipi zimekataana. LT haina hiyo.

#34 Jedwali_Kwanza

#33 anayevuta bomba kwa kipanya bila kuandika leveli mpya ndiye wa kuzungumza naye. Programu haina kosa hapo.

#35 Mchoraji_Dom

Nimepitia vipande vyote jioni hii kwa LIST kama #20 alivyoshauri. Cha pili, ncha ya kushoto imeanzia ukutani mwa chemba 2 na ya kulia imepita ukuta kidogo tu, haikufika katikati. Kwa hiyo #19 amegusa upande mmoja. Cha nne kinalingana na leveli kabisa. Cha tano kinapishana na ncha zake ziko sahihi kwa X na kwa Y, hapo maelezo yote yaliyotolewa hayatoshi, labda jedwali lenyewe.

Nimemuuliza mhandisi swali la #24. Anasema leveli ni za ukutani. Mpima anasema aliweka fimbo katikati ya chemba. Kesho wanakutana.

Kwa sasa nimeziacha fildi zote zikiwa hai, na pembeni nimeweka safu ya pili yenye mteremko wa leveli. Zinapotofautiana nimezungushia wingu la marekebisho.

#36 Mhandisi_Maji

#35 hiyo safu ya pili iache hadi karatasi ya mwisho. Kwenye kipande cha tano angalia kama chemba ilihamishwa baada ya upimaji. Hutokea mara nyingi mwenye nyumba akikataa chemba mbele ya geti lake.

#37 MtaroWazi

Swali la nyongeza kabla uzi haujazama. Mitaro yangu ipo kwenye plani (mchoro wa kutazama kutoka juu), si profaili. Mistari ina Z kila ncha. Delta Y gawa kwa Delta X hapo inanipa mwelekeo wa mtaro, si mshuko. Nimejaribu Delta Z gawa kwa Length. Ni sawa?

#38 KalamuNaRula

#37 karibu sawa. Length ya mstari wenye Z ni mshazari, unapata sini (sine) badala ya tanjenti. Kwa mtaro wa asilimia 2 huoni tofauti. Kwa mtaro wa kwenye ukingo wa nyuzi 45 utaandika 70.7 mahali pa 100. Tumia Delta Z gawa kwa ulalo: mraba wa Delta X jumlisha mraba wa Delta Y, vyote kwenye mabano, kipeo 0.5. Fomula ya fildi inakubali kipeo.

Na kwenye plani alama inafuata ulikoanzia kuchora, tofauti na profaili. Ukianza juu kwenda chini inakuwa hasi. Mitaro yote ichore kufuata maji, kisha yoyote itakayosoma chanya uende ukaiangalie.

#39 MtaroWazi

Imekubali. Kuna mmoja umesoma chanya, pale karibu na kalavati. Nauangalia.